Verni Iliyokaukia Vidoleni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado naisikia harufu yake. Kabla sijaisimulia niwataje waliokuwepo, maana wametangulia karibu wote na mimi sipendi mtu asahauliwe. Alikuwepo Baba yangu, Sefu, seremala, mwenye karakana hapa Gisenyi, nyuma ya nyumba yetu. Alikuwepo kaka yake, Hamisi, tuliyemwita Baba Mukubwa, muuza vitambaa. Kiwanja cha karakana kilikuwa chake, na kila alipokuja alitukumbusha. Alikuwepo dada yao, Shangazi Mwamini, ambaye binti yake Asia alikuwa anaolewa siku hiyohiyo. Alikuwepo Petero, mtu wa mashua wa Rubona, mpiga gitari. Na mimi Zaina, msichana ambaye watu walikuwa wameanza kumuulizia. Zilikuwa zamani za Wabelgiji. Babu yako nilikuwa hata simjui.

Gitari ya Petero ilivunjika shingo. Mashua iliyumba karibu na Nyamyumba, mikungu ya ndizi ikaiangukia. Baba akachonga shingo mpya kwa mti wa muyove, mwekundu, mgumu. Alichonga kwa taabu, kwa sababu msumeno ulikuwa umemkata mkono wa kulia na vidole havikukunjika tena vizuri. Kulainisha na kupaka akaniachia mimi. Hakufanya hotuba. Aliiweka shingo mbele yangu, akasema, "We uko na mikono. Fanya."

Nisikilize hapa, maana siku hizi mnadhani kupaka ni kumwaga. Shingo ya gitari si kabati. Kabati linatazamwa. Shingo inashikwa, mkono unapanda na kushuka juu yake, na mkono wa mtu unatoa jasho. Ukiipaka verni nzito, ile ya kopo, inayong'aa kama kioo, siku ya mvua inalegea na mkono unakwama. Ukiiacha mbao tupu, inakunywa jasho, inakuwa nyeusi. Mimi nilichukua vile vipande vikavu vya rangi ya asali, kama utomvu, vilivyouzwa dukani kwa Mhindi, nikaviloweka kwenye spiriti mpaka vikayeyuka. Nikapaka kwa kitambaa kilichoviringwa, kidogokidogo, kama unavyompaka mtoto mchanga mafuta. Ikikauka nasugua. Napaka tena, nasugua tena. Na cha kusugulia kilikuwa unga wa lile jiwe jepesi la mlima wa moto, lenye matundu, ambalo wanawake wa huku tunajisugulia visigino. Jiwe zuri kuliko yote nyumbani lilikuwa la Shangazi Mwamini. Nililichukua bila kuomba. Ningeomba, angeninyima.

Asubuhi ya harusi shingo ilikuwa tayari, na nyuzi zimefungwa. Haikumetameta. Ilikuwa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Petero alikuja kuichukua, akapitisha kiganja, akapitisha tena. Hapo ndipo Baba Mukubwa alipoingia na kopo la verni mkononi.

"Sefu, hii ndiyo gitari ya harusi ya mutoto wetu? Mbona haing'are?"

"Imeisha, Kaka. Ni Zaina ameimaliza."

"Zaina! Bon, ndiyo maana. Mutoto mwanamuke anashinda anapapasa shingo ya gitari ya mwanaume, barabara yote inaongea, halafu hata haing'are! Kuanzia leo huyu akae nyumbani, angoje bwana. Karakana iko kwa kiwanja yangu. Na hii shingo nitaipaka mi mwenyewe."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kama baridi ya Julai. Nikitolewa mle ndani, Baba na vidole vyake vile angefanya nini? Angefunga. Na mimi, niseme ukweli, sikutaka kitu kingine duniani kuliko lile benchi.

Kabla mtu hajajibu, Shangazi akaingia, kichwa wazi, amejifunga kanga kifuani.

"Nani iko na jiwe yangu? Mi niko mama wa harusi na visigino viko kama maganda ya nanasi!" Akaliona kwenye benchi, limeliwa upande mmoja, limezungukwa na unga. Nikajua nimekwisha. Lakini macho yake yakaenda kwenye gitari. Akaishika shingo kwa vidole viwili, halafu akaiweka shavuni. "Yewe! Hii imetoka kwa jiwe yangu? Miaka yote ile, miguu yangu haijawahi kuwa hivi. Nani alifanya?"

"Ni mi, Shangazi," nikasema, macho chini.

"Unaambia nani, mavumbi? Inua macho! Mutu akifanya kazi, anaisema akiangalia watu kwa uso."

Amenigombeza mara nyingi yule mama, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Baba Mukubwa alikuwa ameshafungua kopo na kuchovya brashi. Nikainua macho. Nikaikamata ile shingo kwa mikono yote miwili, vidole vikiifunika, nikamtazama usoni.

"Baba Mukubwa, kama unapaka, anza na vidole vyangu."

"Mama wee," akasema Petero.

"Unafikiri sitapaka?" akasema Baba Mukubwa.

"Paka."

Akapaka. Brashi ilikuwa ya baridi, na verni ikatiririka mpaka kwenye kucha. Alidhani nitaachia. Sikuachia. Akachovya tena, akapaka tena, na mimi namtazama tu. Ndipo Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga kaka yake hata kwa kikohozi, akasimama. "Kaka, basi. Ni mi nilimufundisha."

Na Shangazi akapiga makofi. "Hamisi! Umemufungia mutoto maji ya udhu! Verni imekaa kwa ngozi, maji itapita wapi? Ataswali na nini? Na wewe, mutu wa safu ya mbele musikitini, utamujibu Mungu nini?"

Baba Mukubwa akaishusha brashi. Akaitazama kama imemuuma. Akafunika kopo, akatoka. Sasa nikuambie siri, mjukuu wangu, wanawake wataelewa: wiki ile mimi sikuwa wa kuswali. Na Shangazi alijua vizuri sana, tulifua pamoja. Alinikanyaga mguu ninyamaze.

Akataka kunitoa ile verni kwa mafuta ya taa. Nikakataa. "Acha watu waione."

Mchana ziwa likatuletea manyunyu, kila kitu kikawa na unyevu, na vidole vyangu vikaanza kunata. Nyuzi za kanga zikabaki vidoleni. Wali ukabaki vidoleni. Nikampa mgeni sahani, sahani ikakataa kwenda. Wasichana wakanicheka: "Zaina, umenawa na gundi?" Nikacheka nao, lakini sikujificha. Na Petero akapiga gitari. Mkono wake ulipanda na kushuka kwenye ile shingo bila kusita mahali, hata wazee waliokuja kula tu wakaanza kutikisa mabega. Mtu akauliza, nani ametengeneza chombo hiki?

Baba Mukubwa alikuwa mbele, kanzu nyeupe, kifua nje. "Ni karakana ya kwangu. Verni ni ya kwangu."

Nikasimama katikati ya wanawake. Nikainua mikono yote miwili, na wali wake na nyuzi zake. "Verni ya Baba Mukubwa ni hii hapa! Ile ya gitari ni ya kwangu, Zaina binti Sefu!"

Petero, bila kuacha kupiga, akasema, "Donc, basi, mi ningeshika na ile ya kopo, saa hii ningekuwa bado kwa wimbo ya kwanza!" Watu wakaangua kicheko, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama wa harusi mwenyewe, visigino vyake vikiwa vilevile.

Baba Mukubwa hakusema nami mpaka Idi. Lakini kesho yake nilifika kwenye benchi kabla ya Baba, na hakuna aliyenitoa. Siku moja Baba Mukubwa akasimama mlangoni. "Kabati yangu ya duka, utaipaka lini?" Nikamjibu, "Leta na kopo lako. Kabati ndiyo ya verni." Hata nilipoolewa nilikwenda na kitambaa changu kilichoviringwa, na babu yako alikikuta kwenye sanduku juu ya nguo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Ukifanya kazi, ifanye kwa ajili ya mkono utakaoishika, si kwa ajili ya macho ya mpita njia. Mtu akija kuifunika kwa mng'aro wake, usiachie, hata kama ni mkubwa wako, hata kama kiwanja ni chake. Mheshimu, mwite Baba Mukubwa, lakini usiachie. Na ukiulizwa nani amefanya, sema jina lako, macho juu.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na ulimi usiokwama, na akupe Shangazi kama Mwamini. Na kama yupo wa Rubona au wa mjini anayekumbuka vingine, kwamba mti haukuwa muyove, au gitari iliangukiwa na kitu kingine si ndizi, aje anisahihishe, nitamwekea chai. Ila kuhusu vidole asinisahihishe. Vidole ni hivi hapa.