Vitambaa Chini ya Kanga

Uani kwetu, Kariakoo, kulikuwa na kanga moja kuukuu ambayo haikuvaliwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kufunika. Msichana akiingia mwezini alifua vitambaa vyake bafuni, akavianika kwenye kamba ya karibu na ukuta, kisha akaitandaza ile kanga juu yake ili wanaume wa nyumbani wasivione na mwenye roho mbaya asipate cha kuiba. Bibi, mama yake mama, alisema damu ya mwanamke ikiingia mikononi mwa hasidi inaweza kumfunga kizazi. Hilo nililiamini bila maswali. Ambalo sikuambiwa, nikaligundua mwenyewe, ni kwamba kila mwezi bibi alipita pale na kopo lake la maji ya udhu kama mtu mwenye haraka, akainua pembe ya kanga, akachungulia, akairudisha taratibu.

Alikuwa anahakikisha sijapata mimba.

Nilikuwa kidato cha nne, na miaka hiyo msichana akipata mimba alifukuzwa shule na harudi tena. Mama alikuwa amepoteza kazi baada ya kiwanda chao kufungwa, akawa anakaanga maandazi ya kuuza, na aliniambia kila alfajiri kwamba mimi sitaungua mafuta kwa ajili ya chai za watu. Baba alikuwa karani bandarini. Alisema kidogo, lakini neno lake lilijulikana: binti atakayeharibikiwa atapelekwa Kilwa kwa mama mkubwa, na huko ataolewa na yeyote atakayepatikana. Kwa hiyo shule yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye kamba ile, chini ya ile kanga.

Mimi nami si mtu wa kuamini upesi. Nimezaliwa hivyo. Mtu akinichekea sana naangalia kwanza mkoba wangu uko wapi. Bibi aliponichungulia, na mimi nilimchungulia yeye kupitia tundu la mlango wa jiko, na sikuona kama nina makosa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo tulizoea kuyaona yakiwa na rafu tupu yalianza kufurika sabuni za kuchagua, redio, viatu vya kung'aa na marobota ya mitumba. Pedi za pakiti zikatokea pia. Muuzaji mmoja wa mtaa wa pili alizipanga mbele kabisa, karibu na biskuti, na msichana akipita aliita kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Dada, pita uangalie, mali mpya hii!" Nilimchukia. Na pedi zenyewe sikuziamini, maana vitu vingi vya ruksa nilivyoviona vilikuwa vizuri dukani na vibovu nyumbani. Hata hivyo mama asingeweza kununua kitu cha kutupwa kila mwezi.

Tukabaki na vitambaa. Somo wangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo, alinifundisha kupiga ubinda: kipande cha kanga kuukuu kinakunjwa, kinapitishwa katikati ya miguu, kinabanwa na kamba kiunoni. Kwa mwanamke anayeshinda nyumbani labda kilitosha. Mimi nilikuwa nakimbilia kengele ya shule, nakaa kwenye benchi asubuhi nzima, na nikiitwa ubaoni narudi kwenye dawati langu kinyumenyume. Kitambaa kilihama. Mara kiko mbele, mara kiko nyuma, mara hakijulikani kiko wapi.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu wa Kihindi, tuliyekaa naye dawati moja. Kwao ni Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Nyumba yao ilinishangaza. Akiwa kwenye siku zake hakuingia jikoni, hakukaribia chumba cha sala, na haikuruhusiwa kabisa aguse mitungi ya achari, eti itaoza. Nyumba nzima ilijua, hata kaka zake, na yeye alikaa zake dirishani anasoma gazeti.

"Huoni aibu?" nilimuuliza.

"Aibu ya nini? Nakula bila kupika."

Mama yake alikuwa fundi wa blauzi za sari, na alikuwa amemshonea binti yake kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kilikuwa kirefu cha kiganja na nusu, juu pamba, katikati tabaka za taulo, chini kitambaa cha mwavuli ili kisipitishe. Kila upande kilikuwa na bawa dogo, na mabawa yale yalikunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo. Hakikuhama. Niliruka nacho pale sebuleni kuhakikisha, mama yake akacheka hadi akavua miwani.

Nikaomba kufundishwa. Nilikwenda mchana baada ya shule, siku baada ya siku, nikakata kwa kufuata kipande cha boksi, nikashona kwenye cherehani yake. Taulo niliipata kwenye mitumba. Kitambaa cha mwavuli nilipewa na fundi miavuli aliyedhani nakitaka kwa ajili ya kishada. Vifungo nilivishona nyumbani kwa mkono, mlango nimeukomea, na mtu akigonga naficha kila kitu chini ya mto. Kwa sehemu ya juu nilichagua kitambaa cha mirabaraba, kijani na nyeupe, na hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko wote: ukikikunjua kikiwa kimefuliwa, mabawa yamelala, kilifanana kabisa na kishikio cha sufuria.

Nikaacha ile kanga. Nilivianika vitambaa vyangu juani, hadharani, kwenye kamba ya vitambaa vya jikoni. Baba alipita chini yake akinawa uso. Wapangaji walipita. Nani angeiba kishikio cha sufuria akafungie mtu kizazi? Nilitembea uani kwa raha ambayo sikuwahi kuipata.

Ila mambo ya ajabu yakaanza.

Kwanza bibi, ambaye huniita mke mwenzangu na kunichokoza kutwa, alinyamaza. Kisha nikakuta kwenye meza yangu, juu ya daftari, vipande vya ule udongo wa kula wanaouza sokoni. Hakuna aliyesema ameuweka nani. Nilionja kwa udadisi, nikaona si mbaya, nikamaliza. Kesho yake likaja embe bichi, limekatwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Msichana gani anakataa embe bichi? Nilipoinua macho nilimwona mama mlangoni ameshika kanga yake mdomoni.

Machale yakanicheza. Mama akaanza kuniuliza kama sketi ya shule bado inanitosha kiunoni. Akaniuliza mchana nakwenda wapi, nikasema Mchafukoge kwa rafiki yangu, akasema, "Haya," ile haya isiyo na maana ya haya. Akaja mama mmoja mnene, jamaa wa bibi, aliyenitazama nilipoleta chai kuanzia kisigino hadi shingo. Wakanong'ona. Nikipita, wananyamaza na kusifia chai.

Nikaunganisha mambo. Wananilisha, wananipima kiuno, wanaleta mwanamke wa kunikagua. Nikajua wazi kwamba wamenipatia mchumba na wananificha. Nilikasirika mpaka nikashindwa kulala. Mama huyuhuyu wa maandazi, anayenihubiria kila alfajiri, ananiuza kabla ya mtihani! Nikaanza kumjibu kwa mkato. Nikaanza pia kukagua kabati kama kuna kanga mpya za posa, na nilipokuta doti moja iliyokuwa bado na gundi ya dukani, basi sikuhitaji ushahidi mwingine.

Siku ya Ijumaa bibi alipika mchuzi wa papa, tena papa yule mkavu mwenye harufu ya kufukuza paka. Alinikalisha jikoni karibu na sufuria, eti nimchambulie mchele. Mama akaja akafunga mlango.

"Niambie ukweli," alisema. "Ni nani?"

Nikajua imefika. "Sijui ni nani na wala simtaki. Mimi nataka kufanya mtihani wangu."

"Hujui?" Bibi aliweka mwiko chini. "Ya Rabi, mtoto hamjui hata ni nani!"

"Nitamjuaje bibi, na nyie ndio mmemtafuta?"

Wakatazamana. Mama akauliza polepole, "Tumemtafuta nani?"

"Si huyo mchumba!"

"Mchumba gani, wewe? Nakuuliza mwenye mimba."

Nilidhani anazungumzia mtu mwingine. Niliuliza mimba ya nani, na aliponinyooshea kidole tumboni, ndipo nikaelewa. Nikaapa. Nikaapa kwa kila kinachoapiwa. Mama akasema nisimtaje Mungu kwa uongo, kanga haina kitu chini yake mwezi wa ngapi huu, udongo nimekula, embe nimekula, mchana sijulikani nilipo, mlango naukomea.

Mchuzi ulikuwa unafurika. Bibi, machozi yakimtoka, alitoa mkono dirishani hadi kwenye kamba ya vitambaa vya jikoni, akachomoa kishikio cha mirabaraba, akaiinua sufuria kutoka motoni.

"Vitambaa vyangu unavitaka?" nikamwambia mama. "Kimoja hicho hapo, bibi amekishika."

Sufuria ilianguka. Papa alitapakaa hadi chini ya kabati. Bibi aliutazama mkono wake, akasema astaghfirullah, akautazama tena, kisha akatoka mbio uani na tukasikia maji yakimwagika bila kukoma. Mama alikiokota kile kitambaa. Akafungua kifungo, akafunga, akapapasa taulo ndani na mwavuli chini. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo, halafu kikamshinda, akakaa sakafuni kwenye mchuzi, anacheka na kulia. Bibi alirudi na mikono myekundu kwa kusuguliwa, naye akashikwa na kicheko. "Mke mwenzangu," alisema, "umeninajisi na papa nimemwaga, lakini ungenishonea mimi enzi zangu ningekushukuru."

Mimi sikucheka. Niliumia, na nasema wazi kwamba niliumia kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Walikuwa tayari kuniamini mara moja kitambaa kilipoonekana, na kabla ya hapo maneno yangu hayakuwa na uzito wa tonge.

"Ungeniuliza tu, mama," nilisema.

"Wangapi wameulizwa wakasema kweli?" alijibu huku akifuta machozi, na hakujua alivyonichoma.

Bibi alitoa amri. Viwe na mirabaraba, viwe na vifungo, vitaanikwa chini ya kanga kama vya watu wote. Nikatii. Akaendelea kupita na kopo lake, na mimi nikaendelea kumtazama kwa tundu la mlango. Tulicheka pamoja mezani, lakini uani kila mmoja alimlinda mwenzake.

Mtihani ulipokaribia, nilikuwa silali vizuri, chakula hakipandi, nasoma huku nikitembea. Siku zangu zikafika, zikapita, damu haikuja. Sikuwa nimelala na mwanamume yeyote. Sikuwa hata nimeshikwa mkono. Lakini nani angenisikiliza? Nilijiona niko Kilwa tayari, nimekaa mbele ya mama mkubwa, wenzangu wako kwenye chumba cha mtihani. Hofu ile ilinikausha zaidi.

Basi nikachukua vitambaa vipya, nilivyokuwa nimevishona wiki ile na kuvikatia kanga mpya juu, nikaingia navyo bafuni. Nikamwaga maji kwa kishindo ili nisikike. Nikavilowesha, nikavikamua, nikavianika, nikatandaza kanga juu yake. Nikarudi kwenye kitabu changu na sikusoma hata neno.

Alasiri wingu lilifunga, mama akatoka kuanua nguo kabla ya mvua. Nilimwona kwa tundu la mlango akifika kwenye kamba ya ukutani. Aliinua kanga, akashika kitambaa cha kwanza. Akakisugua kati ya vidole. Kanga mpya ikilowa mara ya kwanza inateleza kwa wanga wa kiwandani, na mwanamke yeyote wa pwani anajua hilo akiwa amefumba macho. Akakigeuza. Kilikuwa kijivu na cheupe, bila doa hata moja, hakijawahi kuona damu. Akashika cha pili. Nilitoka nikasimama nyuma yake, maana kujificha kulikuwa hakuna faida tena.

Hakupaza sauti. "Kuna kitu?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Sijui. Naogopa mtihani tu."

Alinitazama. Nilimtazama na mimi, nikitafuta machoni mwake ile shaka ninayoijua vizuri kuliko uso wangu. Kandambili za bibi zilikuwa zinakuja kutoka ukumbini, kopo linagonga ukuta.

"Vipo?" bibi aliita.

Mama aliishusha kanga, akainyoosha pembe zake zote vizuri. "Vipo, mama," alisema. "Nimeviona mwenyewe."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuapa. Hakuningoja.