Nilivyomnawisha Mjukuu Namba Yake

Huyu mjukuu wangu nakaa naye Kilolo tangu amalize kidato cha nne, na tunaitana mke mwenza, maana kwa utani babu yake ni mume wetu sote. Siku moja namkuta jikoni analia, maharage yameungua, hana habari. Namuuliza, mke mwenza, nani amekufa? Anasema hajafa mtu, anakwenda jeshini. Nani anakwenda jeshini? Ananionyesha kwenye simu kijana wa Kikorea, nywele nyeupe kama zangu, sura laini kama bibi harusi.

"Sasa huyu babu mwenye sura ya mtoto ndio anakuunguzia maharage?"

"Bibi, ndiye kipenzi changu kwenye kundi. Kwao jeshi ni lazima. Wanaimba pamoja mara moja ya mwisho, halafu anaondoka, na sijui kama watarudi kuwa wote watano."

Basi nikaelewa, kidogo. Onyesho lenyewe lilikuwa huko huko kwao Korea, lakini mashabiki wa Mbeya walikuwa wamekodi ukumbi wa sherehe pale Mwanjelwa, ghorofani, walionyeshe ukutani kwenye kitambaa cheupe, moja kwa moja, wakati ule ule wanapoimba. Mama yake mjukuu, yaani binti yangu, anauza vitenge hapo hapo Mwanjelwa. Akasema kwenye simu, aende na wewe mama, peke yake haendi. Ndivyo nilivyopanda basi kwenda kuwaona Wakorea, mimi niliyeishia darasa la pili.

Kuingia ilikuwa bure, ila mwenye ukumbi alisema viti ni themanini na hataki mtu wa kusimama, akimwona mmoja anazima umeme. Kwa hiyo ni foleni. Tulilala kwa binti yangu, na saa kumi na mbili asubuhi tumefika, ukungu umeshuka mpaka huoni duka la pili, na wasichana wamejaa tayari, wamejifunga mablanketi, kila mmoja na taa yake ya kupungia. Ya mjukuu aliitengeneza mwenyewe, tochi ndani ya chupa ya maji, akaizungushia nailoni ya zambarau.

Alikuwepo msichana mmoja wa kofia nyekundu, mkubwa wa foleni. Anapita na kalamu anaandika namba mgongoni mwa mkono, na chini yake anachora kaua kadogo. Mjukuu akapata sabini na tisa. Mimi themanini. Aliyefuata nyuma yangu, binti mwembamba aliyetoka Tukuyu alfajiri hiyo, akapata themanini na moja.

Nilimwona anahesabu kwa midomo. Halafu akaniangalia mimi, kilemba changu, kidumu changu cha maji, akaangalia chini. Mimi nami nikaangalia pembeni, maana nilijua anachofikiri: huyu bibi amekuja kufanya nini kwenye kiti changu?

Msichana wa kofia akatangaza sheria. Mjukuu anasema alitangaza mara mbili. Mimi nilikuwa nasalimia watu. Siwezi kusimama na watu saa nzima sijawasalimia, nikasema kamwene, salamu yetu ya Kihehe, kwa huyu, kamwene kwa yule, wengine wananijibu kwa Kinyakyusa, tunacheka. Sheria ikanipita.

Saa nne jua likatoka. Onyesho ni saa saba mchana, kwao huko ni jioni. Nikaona mjukuu midomo imemkauka, hajala tangu jana kwa wasiwasi. Nikafungua kikapu: viazi vya kuchemsha na kuku. Nikamkaribisha na yule wa themanini na moja, maana huwezi kula mtu anakutazama.

"Ninawe na mimi, bibi?" akauliza yule wa Tukuyu.

"Kwangu hakuliwi bila kunawa. Wewe subiri, naanza na huyu."

Mjukuu yupo kwenye simu, anafanya mazoezi ya kuitikia. Wanayo desturi, wimbo ukifika mahali fulani mashabiki wanataja majina ya wale vijana watano kwa mpangilio, na ukikosea ni aibu. Nikamshika mkono kama nilivyokuwa namshika akiwa mdogo, nikammiminia maji ya kidumu, nikasugua kwa kipande changu cha sabuni ya mche. Nikaona wino. Nikasema moyoni, namba tumeshapewa, sasa uchafu huu mkononi wa nini tena. Nikasugua vizuri. Nikajisugua na mimi. Halafu nikageuka kwa yule wa Tukuyu, namwona ameficha mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Bibi," akasema polepole, "umefuta."

Mjukuu akaangalia mkono wake. Ulikuwa msafi kuliko siku zote.

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, mkono ameuweka gotini kama mtu aliyevunjika. Ndipo akanieleza hiyo sheria: mkono ndio tiketi, namba ikifutika unakwenda mwisho wa foleni. Na mwisho wa foleni wakati huo ulikuwa umepita kona, watu zaidi ya mia.

Nikaazima kalamu kwa muuza vocha wa pembeni. "Andika tena. Wewe si unajua kuandika?"

"Hapana bibi. Kwetu mashabiki, ukidanganya foleni, kundi zima linakukataa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nikamrudishia muuza vocha kalamu yake. Tulikula viazi watu watatu. Yule wa Tukuyu alikula kimoja, akakishika cha pili bila kukimaliza.

Saa sita na nusu mlango ukafunguliwa. Msichana wa kofia amesimama kwenye ngazi, anaita namba, mtu anaonyesha mkono, anapanda. Sabini. Sabini na tano.

"Sabini na tisa."

Mjukuu akanyoosha mkono mtupu. Nikadakia, "Mwanangu, alikuwa nayo, nimemnawisha mimi, kosa ni langu."

"Shikamoo bibi. Sikatai, lakini leo watu kumi wameniambia walikuwa nayo." Akaangalia nyuma yetu. "Kuna aliyeiona namba yake?"

Aliyeiona alikuwa mmoja tu wa karibu. Yule wa Tukuyu akainamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake. Nikasubiri. Hakusema. Na mimi sikumnyooshea kidole, maana nilikuwa nimeshika themanini yake tangu asubuhi.

"Themanini."

Mkono wangu ukajionyesha wenyewe. Mikono yangu ina mipasuko ya jembe, wino ulikuwa umezama humo, sabuni haikuufikia. Namba ipo, na kaua kake. Nikasema, basi aingie mjukuu kwa mkono wangu.

"Bibi, namba haihami. Kiti cha mjukuu anachukua themanini na moja. Ukitoka na wewe, anaingia themanini na mbili. Yeye hapana."

Mjukuu akanipa ile taa ya chupa. "Ingia, mke mwenza. Uangalie vizuri, usisahau kitu. Utanisimulia."

Nikapanda. Kila ngazi nasema nirudi, kila ngazi nakumbuka amenituma. Nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na yule wa Tukuyu pembeni yangu, kwenye kiti cha mjukuu. Hatukuangaliana.

Taa zikazimwa, wakatokea. Sasa nikwambie kweli, nilipenda. Wimbo wa kwanza yule wa nywele nyeupe alijitupa chini, nikasema ameanguka, kumbe ndio ngoma yenyewe, akainuka kama chemchemi. Nilishika kila kitu: koti la fedha, kiatu kilichofunguka kamba, alivyopangusa jicho akidhani hawamwoni. Ikafika mahali pa majina. Ukumbi mzima ukayataja, na mimi nikayataja yote matano bila kukosea, nimeyasikia mwaka mzima tukipukuchua mahindi. Nikapunga chupa yangu. Halafu nikamwona yule binti wa Tukuyu. Wenzake wote wanaitikia, yeye mdomo umefungwa, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

Wimbo wa pili ulipokwisha akainuka, akamfuata msichana wa kofia mlangoni. Nilimsikia vizuri.

"Ile sabini na tisa niliiona. Niliona na kaua. Nilinyamaza."

Msichana wa kofia alimtazama sana. "Unajua hapo umejitoa?"

"Najua. Nimekula viazi vyao."

Mjukuu akaitwa. Nilisikia anapanda ngazi mbili mbili. Na mimi, ambaye hesabu yangu ni ya kuku na mayai, nikainuka nikasema, "Sasa tusikilizane. Mwenye sabini na tisa amerudi. Mimi themanini natoka kwa hiari yangu. Anayefuata ni nani?"

Msichana wa kofia akahesabu kwa vidole. Akacheka. "Ni themanini na moja, bibi."

Nikapishana na mjukuu mlangoni, nikamrudishia taa yake. Nikamnong'oneza haraka, "Akianguka usiogope, anainuka."

Nilikaa kwenye ngazi na kikapu changu mpaka mwisho. Nasikia muziki, nasikia majina yanatajwa, na nayataja na mimi huku chini, mwenye duka la pembeni ananishangaa. Sitasema haikuniuma. Nilitaka kuona kama yule mtoto alilia alipoaga.

Walishuka pamoja, sauti zimekauka, macho mekundu. Wakakaa ngazi ya chini yangu, mmoja huku mmoja huku, na kila mmoja anamkatiza mwenzake: alilia, hapana, alicheka kwanza ndipo akalia, aliinama mpaka paji likagusa sakafu. Mimi nikawapa zile nyimbo mbili, na koti, na kamba ya kiatu.

Viazi vilikuwa vimebaki vinne. Mjukuu akanyoosha mkono kwenye kidumu kwa mazoea, nikammiminia. Yule wa Tukuyu namba yake bado ilikuwepo, na kaua kake. Alichukua kiazi kwa mkono ule ule, mchafu hivyo hivyo, akala.

Kwangu hakuliwi bila kunawa, lakini nikamsogezea na cha pili.