Mikono Iliyozoea Kupokea

Kwa miaka tisa mikono ya Murunga ilifanya kazi moja tu, kupokea tofali. Mwenzake wa kazi, Kituyi, husimama chini, mguu mmoja mbele, akarusha. Murunga huwa juu ya jukwaa la miti kando ya fundi, akapokea. Tofali la kuchoma lina kingo kali, na mtu anayelikinga kwa mikono mikavu huumia kucha. Murunga alilisubiri lipande mpaka lichoke. Pale juu kabisa, linaposimama hewani kidogo kama linalofikiria kurudi, ndipo alipolipokea, na mikono yake ikashuka nalo kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Tangu aje Sisibo, jina ambalo watu wa kazi waliupa mji wa Eldoret, hakuwahi kuangusha tofali juu ya kichwa cha mtu.

Basi mwaka wa hamsini na moja, Mwalimu Stephen Kipyego aliporudi kutoka chuo cha ualimu na mpira wa ngozi, akafuma wavu kwa kamba za mkonge na kuufunga uwanjani kando ya kanisa la Kiplombe, watu hawakushangaa Murunga kuwekwa mbele karibu na wavu. Alikuwa mrefu kuliko wote. Walichoshangaa ni kwamba kila Kituyi alipomwinulia mpira ili aruke na kuugonga chini upande wa pili, Murunga aliruka vizuri, akafika juu kabisa, halafu akaudaka. Kwa mikono miwili. Kwa upole.

"Murunga, hilo si tofali!" Kituyi akapiga kelele.

"Najua, bwana."

"Basi mbona unalibembeleza?"

Wenzake walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Mwalimu Kipyego hakucheka. Alimfundisha hatua tatu, kushoto, kulia, kushoto, ya kwanza fupi na ya pili ndefu. Mikono irudi nyuma, kisha ipande pamoja na mwili. "Kiganja kiwe wazi," alisema. "Kifundo kilegee. Ukunje kiganja juu ya mpira kama unayefunika chungu." Saa ya chakula Murunga alizirudia hatua hizo katikati ya marundo ya mchanga, huku mafundi wakimuuliza anacheza ngoma ya wapi. Baada ya wiki mbili miguu ilikuwa imeelewa. Mikono ilikataa.

Jambo hilo lingebaki kichekesho tu, kama si barua. Murunga hakujua kuandika, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alikaa mbele ya Mwalimu Kipyego akamwambia ya kumwandikia mkewe Nanzala, aliyebaki nyumbani upande wa Kimilili na binti yao mdogo, Nekoye.

"Andika kwamba tuna mchezo mpya hapa," alisema mwezi ule. "Na mimi ndiye mgongaji. Kila Jumamosi nagonga."

Kalamu ikasimama. "Murunga, hujagonga hata mmoja."

"Andika tu, Mwalimu. Nitafika."

Jibu lilikuja upesi. Nanzala alikuwa amemaliza kupalilia, na Jumamosi ambayo timu ya kijiji cha Ziwa ingekuja kucheza, angepanda treni aje aone. Mwalimu alipomaliza kusoma, Murunga aliikunja barua mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Mwanamke yule hakuwahi kumkamata akisema uongo. Hakutaka uongo wa kwanza auone hadharani, mbele ya watu wa Ziwa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mchezo, walikuwa kazini kama kawaida. Kituyi alirusha tofali, na lilipotoka mkononi akaona ufa.

"Bovu!"

Tofali lenye ufa halipokewi. Likipasukia mikononi, vipande huwaangukia walio chini. Wa juu hulipiga kwa kiganja kilichofungwa gunia, likaangukie shimo la kokoto nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayepita. Murunga alilipiga bila kufikiri, mkono ukapanda na kukunjika. Tofali likapasukia shimoni.

Kituyi hakuinama kuchukua lingine. "Murunga," alisema polepole. "Ni hivyo."

"Hivyo nini?"

"Hivyo ulivyofanya sasa hivi!"

Murunga akautazama mkono wake wa kulia kama mpangaji aliyekaa naye miaka tisa bila kumuuliza jina.

Jioni hiyo uwanjani Kituyi aliinua mpira na kuita, "Bovu!" Mkono ukagonga. Mpira ukaenda wavuni. Mingine mingi ikaenda wavuni pia, na mmoja ukaingia kwenye miti ya miwati, wakautafuta mpaka giza. Hakuna uliotua ndani ya mstari.

Jumamosi Nanzala alifika na kikapu cha kuku na Nekoye mgongoni, akakaa na wanawake wa kanisa. Watu wa Ziwa walikuja wamesimama juu ya lori, wakiimba. Mpira wa kwanza ulipomfikia Kituyi, aliona haya kupiga kelele zake za kazini mbele ya wageni. Aliuinua kimya. Murunga akaruka, akaudaka.

"Mtandikieni shuka amlaze mtoto!" jamaa mmoja wa Ziwa akaita, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Murunga hakuthubutu kutazama upande wa wanawake. Alimsogelea Kituyi. "Niite," alisema. "Niite kama kazini. Tafadhali, ndugu yangu."

Mpira ulirudi, ukapokewa nyuma, ukamfikia Kituyi. Akauinua juu, juu kabisa, mpaka ukachoka.

"Bovu!"

Kushoto, kulia, kushoto. Kiganja kilifunika chungu. Mpira ulitua katikati ya miguu ya yule jamaa wa shuka, na kabla haujadunda mara ya pili Nanzala alikuwa amesimama.

"Wewe! Nani bovu? Mume wangu ni bovu?"

Ilibidi mwanamke aliyekaa kando yake amvute nguo akae, amweleze.

Ziwa walishinda mwishowe. Murunga aligonga mingine miwili ndani, na mitano wavuni. Walipokuwa wakitembea kuelekea laini za nyumba za wafanyakazi, Nanzala aliushika mkono wake wa kulia akakigeuza kiganja. Kilikuwa chekundu.

"Baba Nekoye, mkono wa mtu anayegonga kila Jumamosi haungekuwa hivi. Barua ilisema nini?"

Murunga akakifumba kiganja.

"Barua ilitangulia, Mama Nekoye. Mimi nimefika leo."

Nanzala alicheka mpaka kuku kikapuni wakalalamika. Kisha akafungua leso, akamtoa mtoto aliyelala mgongoni na kumwinulia babake. Murunga akampokea, na mikono yake ikashuka naye kidogo.