Mstari niliodanganyia

Leo nimejionea kinyaa.

Wanafunzi wa uzamili huendesha wenyewe semina ya jiometri ya aljebra. Mimi, profesa wao mgonjwa, huisikiliza kwa simu, kitandani hapa Kibiti.

Zuhura alikuwa anaeleza uthibitisho wangu wa zamani, ambao tasnifu yake imeuegemea. Akakwama pale nilipoandika "ni wazi kwamba".

"Samahani Profesa, kwangu si wazi."

"Rudi mwaka wa kwanza, dada," mwenzake akamtania. Wakacheka.

Ugonjwa huu hautanipa nafasi nyingine, kwa hiyo nikasema: "Mwanangu, hata mimi sijawahi kuuelewa mstari huo. Niliandika hivyo ili nisiulizwe."

Zuhura akauliza:

"Kwa hiyo tasnifu yangu haina msingi?"

"Haina."

Walimu wenzangu, mwenye lake kama hili aliseme hapa kwenye kundi letu, angali na pumzi.