Spana ya Wiki ya Tisa

Fundi bomba huyu mtaa mzima unamwita Deraya, na jina hilo hakulipata kwa kuziba mabomba. Kila mwaka kuna tamasha la siku mbili la watu wanaojivika sura za mashujaa wa katuni na michezo ya video, na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, huingia ukumbini akiwa askari wa chuma, kavaa deraya toka utosini hadi unyayoni. Chuma chenyewe ni sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi. Anaikata kwa kisu, anaikunja kwa draya ya nywele ya mkewe, kisha anaipaka rangi hadi ukiigonga unashangaa mbona hailii.

Siku hizo mbili hazina shida. Shida ni hizo nyingine zote, na mwaka huu zilimkalia vibaya. Kwenye tamasha lililopita alipanda jukwaani na vazi lilelile kwa mara ya tatu, mshereheshaji akatangaza, "Na huyu mnamjua!" Watu wakampigia makofi ya adabu, yale anayopigiwa mgeni rasmi aliyehutubia kupita kiasi. Alirudi nyumbani amenywea. Tangu hapo, akiingia stoo anakofanyia kazi zake, anashika kisu, anashika tama, halafu anatoka.

"Mkono umekufa," alimwambia mkewe.

Mkewe ni mkunga, na wakunga hawana muda na mtu anayejililia. "Kama umekufa tuuzike, baba watoto. Mimi hiyo stoo nina kazi nayo. Friji la kugandishia linakaa pale vizuri, nimeshapima."

"Umepima lini?"

"Ulipokuwa umelala na huzuni zako."

Wakakubaliana wiki kumi. Katika wiki hizo Deraya atengeneze kitu kipya ambacho moyo wake mwenyewe utakikubali. Akishindwa, stoo ni ya friji, na yule askari wa chuma atapanda darini akae na popo. Sharti hilo la moyo alilitoa Deraya mwenyewe, bila kulazimishwa, maana kwenye kazi ya mikono yake hajui kujidanganya.

Binti yao, anayesomea uchoraji chuoni, ndiye aliyemwonyesha pa kuanzia. "Baba, acha kusubiri wazo kubwa. Kila wiki iga kitu kimoja kilichomo humu ndani. Kimoja tu, na usinunue kitu. Mabaki ya sponji unayo hadi chini ya kitanda."

Wiki ya kwanza akatengeneza tofali. Mama mkwe, aliyekuja kusalimia, akalitegeshea mlango usijifunge. Upepo ukavuma, mlango ukajibamiza, tofali likaruka hadi sebuleni, na bibi wa watu akajitupa nyuma ya kochi kuokoa maisha yake. Wengine wakacheka hadi machozi. Deraya akaliokota, akalikagua, akasema kona zake zimelegea. Moyo ulikataa. Wiki ya nne akaiga pasi, mkewe akasema, "Kiatu kizuri." Wiki ya sita ikawa kitunguu, kikasifiwa na wote kwa upole, na upole ule ukamuumiza kuliko kile kiatu.

Wiki ya tisa, huku hofu ikianza kumpanda, akachukua spana yake kubwa ya mabomba, aliyoishika kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na saba. Akaipima, akaichora, akakata sponji, akaipaka kutu ya rangi ya kahawia palepale penye kutu. Ndani akatia washa za chuma, vile vipete vya kukazia nati, ili iwe na uzito. Jumapili jioni akazilaza spana mbili juu ya meza ya stoo, akainamia ile ya bandia kwa miwani.

"Meno hayajakaa sawa," akasema. Akazima taa akaenda kula.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa pili, mteja wake wa siku nyingi. "Fundi, njoo! Maji yameingia sebuleni, zulia linaelea!"

Deraya akachomoka, akapita stoo, akatupia vyombo kwenye begi, akapanda baiskeli. Alimkuta Mwalimu amesimama juu ya kiti, kapandisha gauni magotini, anayafokea maji kama darasa lililochelewa. Chini ya sinki kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka. Deraya akapiga magoti, akatoa spana, akaibana kwenye nati, akavuta kwa nguvu zake zote.

Spana ikainama. Ikainama taratibu, kwa heshima, kama inasalimia wakwe. Deraya akaitazama nati. Akavuta kwa upande wa pili, spana nayo ikainama upande wa pili, na washa tatu zikachomoka zikadumbukia majini.

"Fundi," Mwalimu akauliza toka juu ya kiti, "hiyo spana ni ya nini?"

"Ya sponji, Mwalimu."

"Nimekuita uyafunge maji, wewe umekuja kuyafyonza?"

Ikabidi Deraya akimbilie kwa jirani, fundi magari, akaazime ya kweli. Maji yakafungwa kwa nusu dakika, kiungo kibovu kikafunguliwa kikaachwa chini ya sinki. Mwalimu akashuka kitini, akamkabidhi ndoo na dekio, akaanza kumhutubia juu ya uzembe, toka enzi zake hadi enzi hizi.

Deraya hakusikia hata nusu. Alikuwa ameketi chini kwenye maji, suruali imelowa chapachapa, anaigeuzageuza ile spana iliyopinda. Mkono wake ulikuwa umeiokota mezani, ukaitupia begini, ukaitoa, ukaibana kwenye nati, bila kushtuka hata kidogo. Mkono wa fundi bomba wa miaka ishirini na saba! Akaanza kucheka. Akacheka hadi akajishikilia kwenye sinki.

"Unacheka nini wewe? Zulia langu ni la kuchekwa?"

"Samahani, Mwalimu, nisamehe. Imenidanganya mimi! Mimi mwenyewe niliyeitengeneza!"

Machozi yakamtoka, ya furaha kabisa, na hakujali nani anayaona. Stoo ilikuwa yake. Akadeki sebule yote pasipo kuhimizwa, akakamua zulia, akalianika uani, na alipomaliza akarudi jikoni akachutama tena chini ya sinki. Akakiokota kile kiungo kilichopasuka, akakisogeza mwangani, akapitisha kidole kwenye ufa wake.

"Mwalimu," akasema, "hiki naomba niende nacho nyumbani nikakipime."

Mwalimu akamtazama vile alivyolowa na vile anavyong'aa uso. "Kichukue. Lakini ukirudi kunifungia kipya, nitakiuma kwanza kwa meno."