Mtani wetu ameacha kututania tangu mwanangu amchekeshee darasa

Admin, jina langu lifiche, huku Bigwa tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, shule niliishia la nne, nalima mboga mlimani na kuuza. Mwanangu wa pekee, binti, ni mwalimu. Mwaka huu kachaguliwa awe anawaongoza walimu wenzake namna ya kufundisha watoto kuandika insha. Anakaa nyuma ya darasa, anatazama, halafu wanazungumza na mwalimu wapi parekebishwe. Shule mojawapo aliyopangiwa ni ile ya kule juu, aliyosoma mwenyewe.

Pale yupo mwalimu mmoja mtu mzima, ndiye aliyemshika mwanangu mkono akamfundisha a e i o u. Na ni mtani wa ukoo wetu, tena mtani kweli kweli. Akipita kwangu lazima aniite: "We bibi mchawi, bado hujafa tu? Jembe la kukuzikia linaota kutu!" Namjibu, "Tangulia wewe, mbona meno yameshatangulia!" Mume wangu alipofariki, mtani huyo alishuka kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka tulipompa jogoo. Tulicheka huku tunalia.

Sasa huo ufundishaji mpya unataka mwalimu aandike mwenyewe ubaoni mbele ya watoto, akosee, afute, aanze tena, ili waone insha inavyotoka kichwani. Mwanangu akampa chaki. Mzee wa watu akasimama, mkono umeganda. Mwanangu, kwa kutaka kumtoa wasiwasi, akamtania: "Babu, leo hata kuandika umesahau? Si ungebaki nyumbani umenye ndizi!" Darasa zima likaangua kicheko. Jamani, yeye alisema kama mtani, kasahau kwamba pale kasimama kama mkubwa wake wa kazi. Mzee akaweka chaki mezani taratibu. "Ahsante, mwalimu," akatoka.

Tangu siku hiyo hatutanii. Anapita, "Habari za asubuhi, mama," mikono nyuma. Kuku wangu alimkatiza njia, akampisha! Zamani angeshamkwapua. Kaka yangu mkubwa kafariki juzi juzi, mzee akaja msibani, akakaa mkekani kimya kama mgeni, akaondoka. Watu wote waliona. Shangazi akaninong'oneza, "Umemwona? Ameshatoka kwenye utani huyo. Sasa lolote atakalosema, anamaanisha."

Nikamwambia mwanangu twende tukampigie magoti na jogoo, kama watani tunavyopatana. Akakataa. "Mama, nitamwomba radhi kwenye kikao, mbele ya walimu. Nikienda na kuku, kesho nitamwongozaje? Kule mimi mwalimu, siyo mtani." Namwelewa, lakini mimi ndiye niliyemzaa.

Leo jioni mzee kasimama mlangoni kwangu. Hakutaka kuingia.

"Mwalimu anapanda kesho?"

"Anapanda."

"Peke yake?"

Nikajikuta nimesema ndiyo. Akaangalia juu milimani, mawingu yameshafunika kote.

"Mwambie njia ya kule kwenye korongo inateleza sana siku hizi. Mwambie nitamsubiri hapo."

Nikasubiri acheke. Nikasubiri aseme na jembe kashaliandaa, nimtukane, yaishe. Wallahi hakucheka. Kaniaga kwa heshima zote, kaondoka.

Labda mzee anataka kumvusha tu, na mimi namwazia mabaya mtu aliyemlea mwanangu. Sijui. Zamani ningejua, maana angenitukana. Mwanangu yuko chumbani anapiga pasi sketi ya kesho, anaimba, ule ujumbe sijamfikishia. Jogoo nimeshamfunga miguu, yuko uvunguni. Nitangulie naye alfajiri kwa mzee, mwanangu aje kunilaumu kwamba nimemwaibisha kazini? Au nimfungie mlango asipande kabisa? Mnaojua mambo ya watani, nisaidieni mawazo kabla hakujakucha. Hapa mvua imeshaanza.