Chapa Iko Upande wa Pili

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja pale Miyuji nikisubiri kutolewa kopi. Mbele yangu alisimama mzee mfugaji, fimbo kwapani, na binti yake wa kidato cha tatu aliyekuwa akiulizia penseli laini.

“Penseli si unazo nyumbani?” mzee akauliza.

“Zile ni za hesabu, baba. Hizi ni za somo la uchoraji.”

“Kuchora nako ni somo?”

Akanigeukia, akitafuta mwenzake wa kutikisa kichwa. Nikatazama dari.

Binti hakubishana. Alitoa karatasi kubwa kwenye begi, akaitandaza kwenye kaunta. Alikuwa amechora ng'ombe, ubavu wa kushoto. Mzee akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akamkagua yule ng'ombe kama watu wanavyokagua mnadani.

“Nundu umeipatia,” alisema hatimaye. “Lakini huyu si wetu. Hana chapa. Akipotea utamdai vipi?”

“Chapa iko upande wa pili, baba. Paja la kulia.”

Mzee akaigeuza karatasi.

Nyuma kulikuwa kweupe. Sote tulicheka, naye ndiye aliyeanza. Kisha akamwambia muuzaji, “Mpe hizo laini.”

Wasahihishaji watampa binti huyo maksi watakazoona zinamfaa. Mimi ningewaomba tu wajue kwamba mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote alimtafuta huyu wa kuchorwa hadi nyuma ya karatasi.